Aliye Nje ya Uzio wa Runcul

*Risala ya Kikundi cha Wakataji Nyasi wa Valea Scorușului kwa Mheshimiwa Corina Văleanu, Mkuu wa Mkoa, siku ya kufungua msimu wa kukata nyasi katika Hifadhi ya Runcul. Imesomwa na Anuța Petreuș, Katibu wa Kikundi.*

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mwenyekiti wa Halmashauri ya kijiji, Baba Padri, wageni mliotoka mjini na viatu visivyopenda umande, wazee wetu, mabibi na mabwana:

Tunakupokea kwa mkate na chumvi, kama walivyopokewa wote waliopanda mlima huu kwa nia njema. Tunajua saa moja asubuhi si saa ya kumsumbua kiongozi, na dereva wako ametuambia mlitoka kabla jogoo hajawika. Utuwie radhi. Nyasi hukatwa zikiwa na umande. Jua likipanda, mundu hauumi tena, unateleza tu, na mkataji anabaki kutukana. Tungeweza kukualika saa nne ukakuta meza imetandikwa, lakini ungeona sherehe, usingeona kazi.

Ugali, jibini la kondoo na horinca, pombe yetu kali ya plamu, vipo. Vitakuja baadaye, maana tunamjua Nuțu Bilț wetu: akianza na horinca, mundu utamaliza kazi peke yake.

Mheshimiwa, ukigeuka kidogo kushoto, nje ya uzio karibu na lango, utamwona bibi mwenye kitambaa cheusi kichwani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Huyo ni Bibi Todosia Hotico. Ana umri wa miaka themanini na mmoja. Hakuchelewa, wala mwaliko haukumpita. Amekaa pale kwa sababu jina lake limo katika daftari la waharibifu wa hifadhi, na aliyemo humo haruhusiwi kuvuka lango hili mpaka Mkuu wa Mkoa amfute kwa mkono wake. Risala hii ina mambo mengi, lakini hatutakuzungusha: tumeiandika kwa ajili yake.

HISTORIA YA RUNCUL

Runcul si pori, na si bustani. Wageni wengi wakiona maua haya hudhani ni Mungu peke yake aliyeyapanda, na Baba Padri hapendi tuwasahihishe. Mungu aliyaleta, ndiyo. Lakini yamebaki hapa kwa sababu babu zetu waliukata mlima huu kila mwaka, mara moja tu kwa mwaka, kwa mundu wa mpini mrefu, wakakausha nyasi papo hapo, wakazigeuza kwa reki, wakazishusha kwa mikokoteni ya farasi. Kila ukoo ulikuwa na kipande chake, jiwe hadi jiwe. Hakuna aliyekuwa na hati, na hakuna aliyekosea mpaka.

Kipande cha juu, penye chemchemi, kilikuwa cha Gavrilă Hotico. Gavrilă alipofariki, watu walitegemea mjane wake atatafuta kijana wa kumkatia. Bibi Todosia aliuchukua mundu wa mumewe, akaufupisha mpini kwa kipimo cha mkono wake, akaketi kizingitini kufua makali kwa nyundo, tik, tik, tik, kijiji kizima kikisikia. Asubuhi yake akaingia Runcul. Wanaume walimwachia nafasi nyuma yao ili asiwacheleweshe. Kufikia jua kali, wao ndio walikuwa nyuma.

Miaka kumi na miwili iliyopita Runcul ilitangazwa kuwa hifadhi. Mheshimiwa, siku ile vichwa vilituvimba hata kofia zikatubana. Jina la kijiji chetu likaandikwa gazetini. Uzio ukaja, na ubao mkubwa wenye maneno matatu: USIINGIE. USIKATE. USICHUNGE. Baba Padri aliubariki ubao, tukacheza ngoma mbele yake mpaka vumbi likatimka.

Bibi Todosia hakucheza. Alisimama akausoma ubao taratibu, kisha akauliza, "Nani kaandika haya?"

"Wataalamu, Bibi," Grigore Petreuș akamjibu. Grigore ndiye mwenyekiti wetu hadi leo.

"Wamewahi kushika mundu hao?"

"Wameshika digrii."

"Haya. Theluji ikianguka, ng'ombe wenu mtawalisha digrii."

Tulicheka sana. Tulimcheka yeye.

Ilipofika Julai, aliinua waya wa chini, akapita kwa tumbo na mundu wake, akakata kipande cha Gavrilă kama kila mwaka. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa tatu Nuțu alimkuta asubuhi akamfokea kutoka njiani, "We Bibi Todosia! Utatutia aibu! Hii sasa mali ya taifa!"

"Taifa bado limelala, mwanangu. Mimi nina umande wa saa mbili tu. Niache."

Hapo ndipo tulipokosa, na tunataka iingie katika kumbukumbu za ofisi yako jinsi tulivyokosa. Hakuna ofisa aliyemgundua. Hakuna mgeni aliyemsemea. Kikulacho ki nguoni mwako. Jumapili ile baada ya ibada tulikutana ukumbini, tukasema bibi huyu atatuondolea heshima yetu, ubao utang'olewa, jina la kijiji litafutwa. Tukaandika barua ya kumshtaki. Watu ishirini na sita walitia sahihi. Aliyeiandika ni yule aliyesifiwa tangu shuleni kwa mwandiko mzuri, na mwandishi huyo, Mheshimiwa, ndiye katibu anayekusomea risala hii.

Maofisa walikuja asubuhi ya tatu baada ya barua. Walimkuta anafuta mundu kwa konzi la majani. Hakubisha, hakulia. Walipouchukua mundu na kuufunga kibandiko chenye namba, alisema neno moja tu: "Shikeni upande wa mpini, wanangu, mtajikata." Kisha akateremka nyumbani, mikono mitupu, mbele ya madirisha yetu yote. Tulichungulia nyuma ya mapazia. Hakuna aliyetoka.

JINSI RUNCUL ILIVYOKARIBIA KUFA

Tulitii amri kwa moyo mweupe, na utii wetu ukawa sumu. Nyasi za mwaka huu zililala juu ya nyasi za mwaka jana kama godoro juu ya godoro, na chini yake hakuna ua lililoweza kutoa kichwa. Vichaka vya miiba vikashuka kutoka msituni. Ua la kwanza kututoka lilikuwa lile la manjano tunaloliita ua la njuga, kwa sababu likikauka mbegu zake hugonga ndani ya kifuko. Halikutushtua. Ni ua dogo, nani angelililia?

Mwaka uliofuata ule wa barua, mwezi wa Juni, alifika Daktari Ilarie Măgeruș, mtaalamu wa mimea, ambaye leo yupo nasi. Alileta fremu ya mbao yenye ukubwa wa kitambaa cha meza, akawa anailaza chini na kuhesabu aina za majani na maua yaliyomo. Hapa tisa. Pale saba. Kule tisa tena. Uso wake ulizidi kuwa mrefu. Alipofika juu, penye chemchemi, akahesabu thelathini na nane. Akapiga magoti akahesabu upya. Thelathini na nane.

"Hapa pana nini?" akatuuliza. "Nani anatunza hapa?"

Nuțu akasema, "Hapa palikuwa na mkosaji."

Daktari alitaka kupelekwa kwa mkosaji huyo. Tulimpeleka, sisi tukabaki barazani kama watoto walioitwa na mwalimu. Bibi Todosia alikuwa anakamua ng'ombe, na hakuacha kukamua.

"Ua la njuga linakaa mwaka mmoja tu, baba," alimwambia. "Likidondosha mbegu, linakufa. Usipokata, mbegu inaanguka juu ya godoro la majani, inaoza. Na likikosekana lile, nani atazizuia hizi nyasi ndefu? Lile ndilo linazinyonya mizizi, zinakonda, wadogo wanapata pa kupumulia. Nimekaa na mama mkwe miaka ishirini, nisijue habari ya kunyonywa?"

Daktari alivua kofia. Akasema yeye alisoma miaka saba kujua jambo hilo, na katika ile miaka saba hakuna aliyemweleza kwa uzuri namna ile. Kwa barua yake, amri ya kutokata iliondolewa msimu ule ule, na sisi tukapewa kibali.

Lakini kibali hakioteshi. Tulifyeka miiba majira ya vuli yote, mlima ukabaki na madoa meupe ya udongo kama kichwa chenye mapunye. Mbegu tungepata wapi? Mwishoni mwa Oktoba, tukiwa tumesimama pale tumekunja mikono, tulisikia gari la farasi likipanda. Alikuwa Bibi Todosia na magunia kumi na moja. Bustani ya plamu nyuma ya nyumba yake ilipandwa na mama mkwe wake kwa mbegu za Runcul, naye huikata kila mwaka. Nyasi zake hulala darini mwa zizi, na zikishaliwa, sakafuni hubaki vumbi zito la mbegu. Sisi vumbi lile tulikuwa tunalimwaga jaani. Yeye alilifagia, akalihifadhi.

Alisimamisha farasi langoni. "Mimi nimepigwa marufuku," akasema. "Magunia hayajapigwa. Yapokeeni."

Tukayapokea juu ya uzio. Siku mbili nzima alisimama nje akitupigia kelele: "Nuțu! Unalisha kuku wewe? Tandaza kama unatia chumvi! Grigore, rudi, umeruka pale! Anuța, usikanyage, utaibeba yote kwenye viatu!" Hakutukumbusha barua hata mara moja. Tungefurahi zaidi kama angetukumbusha.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, sasa turuhusu tujisifu, maana hili tunaliweza.

Mwaka jana Daktari alilaza fremu yake sehemu ishirini za Runcul. Sehemu mbaya kuliko zote ilikuwa na aina thelathini na tatu. Sehemu nzuri ilikuwa na arobaini na saba, na Daktari alisema amesafiri nchi nyingi na hajaona kitambaa cha meza kama hicho. Okidi zimerudi, zile za zambarau na zile zinazonuka vanila. Amerudi yule ndege wa nyasi anayelia kama mtu anayekwaruza kitana kwa ukucha. Kwa heshima yake tunaanza kukata katikati na kutoka nje, ili makinda yakimbilie pembeni, badala ya kuyazingira kama tulivyokuwa tukifanya zamani bila kujua.

Kila Juni tunafundisha watu kushika mundu. Wamekuja wanafunzi, wamekuja wastaafu, na alikuja daktari wa meno kutoka mjini aliyefika na viatu viwili vya michezo akaondoka na kimoja na nusu. Amerudi mara tatu tangu hapo. Jibini letu linatafutwa mpaka mikoa mingine, na wanunuzi wanasema wanaonja maua. Sisi hatuonji maua, tumezoea, lakini hatubishani na mnunuzi.

Na tunajivunia jambo ambalo haliandikwi katika ripoti. Kila mwaka, kabla ya kukata, mmoja wetu hung'oa konzi la maua ya njuga kutoka sehemu tano za Runcul na kumpelekea Bibi Todosia uzioni. Yeye huyatikisa karibu na sikio, moja moja. Akisema "bado yananong'ona," tunarudi nyumbani. Akisema "haya, yanaongea," tunafua makali jioni ile. Hajakosea hata mwaka mmoja. Juzi alitikisa konzi la mwaka huu, akasema yanaongea. Ndiyo maana upo hapa leo.

CHANGAMOTO

Hatukosi matatizo. Vijana wetu wako ughaibuni wakijenga nyumba za wengine, wanarudi Agosti na magari mazuri, nyasi zimeshakatwa. Nguruwe mwitu wanachimba. Tarehe iliyoandikwa katika kibali ni ishirini Julai, kila mwaka, iwe mvua iwe ukame, na maua hayajui kusoma. Mwaka huu ulikubali kutufungulia mapema kwa simu moja, tunakushukuru, ila hatutakuwa na namba yako ya simu milele.

Changamoto kubwa ni ile inayokaa nje ya lango. Tumewaandikia waliokutangulia mara nne kuhusu Bibi Todosia. Tulijibiwa kwamba mkosaji anaweza kusamehewa akiomba msamaha kwa maandishi. Tukampelekea karatasi. Grigore ndiye aliyekwenda, na amekubali tusome yaliyompata.

"Bibi, weka sahihi tu hapa, tunakuombea msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Wa yale ya zamani, Bibi. Ili uingie."

"Anayeombewa msamaha ni mkosaji. Mimi nimekosa nini, we Grigore? Nitajie."

Grigore akaikunja karatasi.

"Basi semeni nani alikosa. Mseme huko juu, mbele za watu, kwa sauti. Siku hiyo nitaingia, kama miguu itanikubali."

Hilo lilikuwa miaka mitatu iliyopita. Tumechukua miaka mitatu kupiga moyo konde, na katika miaka hiyo miguu yake haikutusubiri. Mwaka huu katika bustani yake mwenyewe alikata mistari mitatu, akaketi chini ya mplamu. Tuliona. Tuliona haya pia.

MAOMBI

Mheshimiwa, risala nyingi huomba trekta. Sisi tunakuomba usituletee trekta. Magurudumu yake yatafanya kwa siku moja kazi ambayo ubao ulihitaji miaka mitatu.

Tunaomba tarehe katika kibali ifutwe, na mahali pake paandikwe: "maua ya njuga yakiwa tayari, kwa ushuhuda wa wakataji wawili wazoefu." Daktari Ilarie ameliweka hilo katika lugha ambayo wanasheria hawataicheka.

Tunaomba mundu wa marehemu Gavrilă Hotico urudishwe. Umo katika stoo ya ofisi, umefungwa kibandiko, mwaka wa kumi sasa. Umeshakula kutu bila shaka. Kutu hiyo mwenyewe ataiondoa, hamkuombwa kuusafisha.

Na tunaomba jina lake litoke katika daftari. Hatuombi asamehewe. Tumekatazwa naye kuomba hivyo, na alikuwa na haki kutukataza. Tunatamka leo, mbele yako, mbele ya Baba Padri na mbele yake yeye anayetusikia kutoka pale alipo: Bibi Todosia Hotico hakuharibu Runcul. Aliikata ili iishi. Waliokosa ni sisi tuliotia sahihi. Tuliuona ukweli kila Julai ukitembea na mundu mkononi, tukauandikia barua ya mashtaka kwa kupenda sifa.

Tumeambiwa kwamba kwa kanuni za ofisi ukurasa wa kosa haufungwi bila mkosaji, kwa sababu kosa lilikwisha kuandikwa. Tumelifikiria hilo. Kati ya wale ishirini na sita, tisa wameshazikwa, nao tunawaachia Mungu. Kumi na saba tungali hai na tumesimama hapa. Majina yetu yameambatanishwa na risala hii, na sahihi zetu, la kwanza likiwa la Anuța Petreuș. Kama ukurasa ule lazima uwe na wakosaji, Mheshimiwa, futa jina moja uandike kumi na saba. Tunajua maana yake. Wenzetu wasiotia sahihi watafanya kazi ya leo, na sisi tutatoka langoni sasa hivi, kabla hujaketi, tukimpisha anayeingia.

SHUKRANI NA BARAKA

Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa watoto wako, na asikufikishe siku ya kumshtaki mtu aliye sahihi. Awape raha waliolala kando ya kanisa, wakataji wa kabla yetu. Abariki siku tatu za jua tulizoahidiwa. Na Bibi Todosia, ambaye jina lake tulilichafua kwa mwandiko mzuri, amwongezee nguvu za miguu hatua mia mbili tu, kutoka langoni mpaka kwenye chemchemi. Nyasi za kipande chake hazijaguswa. Hatutazigusa.

Ni sisi,

Wakataji Nyasi wa Runcul,
Valea Scorușului.